Pembe ya Fedha, Sehemu ya Tisa: Mchimbaji Dirishani

"Nyumba yenye mlango wa manjano," alisema Brandner. "Ya tatu kutoka kanisani. Mama mmoja mwenye fimbo ndiye aliyenipa."

Roswitha Uhlig aliyarudia maneno hayo kichwani. Nyumba ya tatu kutoka kanisani. Mlango wa manjano. Mama mwenye fimbo. Jamani! Hiyo si nyumba ya mtu baki. Ni nyumba yake mwenyewe, na huyo mwenye fimbo ndiye aliyemzaa.

Wewe uliyepitwa wiki jana nikudokeze upesi, kabla Brandner hajafunga sanduku lake. Kila Desemba wakusanyaji wa mawe ya fedha hukutana katika ukumbi wa nyumba ya wageni ya Wendelsgrün, kule Milima ya Madini, Saksoni. Hubadilishana vipande vilivyochimbwa enzi za mababu, katika migodi iliyokwisha kufungwa zamani. Mwaka huu wa tisini, ukuta wa Berlin ukiwa umeanguka na mpaka uko wazi, wamemiminika wachuuzi kutoka magharibi, na Lutz Brandner wa Munich ni mmoja wao. Ndani ya sanduku lake, juu ya pamba, Roswitha amekuta kitu ambacho mji mzima umekitafuta tangu mwaka sabini na nane.

Pembe ya Wendelin. Uzi wa fedha mnene kama kidole, uliojikunja wenyewe ardhini mfano wa pembe ya kondoo dume. Mali ya Udugu wa Wachimbaji.

Aliyekuwa akiitunza ilipotoweka ni Arno Uhlig, baba yake Roswitha. Watu wakasema kaiuza magharibi. Alipokufa, hakuna hata mmoja wa Udugu aliyevaa sare kwenda kumzika, na katika milima ile mchimbaji akizikwa bila sare za wenzake, amezikwa na aibu yake. Tangu siku hiyo Roswitha ana haja moja tu duniani: kuipata Pembe na kulisafisha jina la baba yake.

Na sasa ameipata. Imetoka kwa mama yake!

"Unasema uongo," alimwambia Brandner.

"Nikudanganye ili nipate nini, mama? Kaniambia niiweke mezani mpaka saa tisa, watu waitazame. Nami nimeiweka."

Kelele zilishavuta watu. Mzee Fritzsche, fundi saa mstaafu mwenye ulimi usio na breki, alijipenyeza mbele, akabana kioo chake kwenye jicho, akainama.

"Ndiyo yenyewe!" alipiga ukelele. "Nani asiyeijua? Mimi nimeifuta vumbi kila Pasaka!"

Ukumbi mzima ukasimama. Viti vilianguka, bia zikamwagika, mhudumu akaja mbio na sahani za watu mkononi.

"Kumbe wameilalia siku zote hizo!" Fritzsche aliendelea. "Baba kaiba, mama kaficha, binti anakuja hapa kutulilia machozi! Hamna haya nyie?"

"Mzee Fritzsche, chunga mdomo wako."

"Niuchunge wa nini? Wewe chunga mikono ya kwenu!"

Roswitha aligeuka kutafuta msaada. Kule kona alikuwapo Ehrhard Seifert, mwenyekiti wa Udugu, rafiki wa chanda na pete wa marehemu baba yake, na baba yake wa ubatizo. Mtu mmoja tu aliyekuwa bado anamwita mwanangu katika mji ule.

"Baba Ehrhard! Njoo uitazame wewe!"

Ehrhard alichovya soseji yake kwenye haradali. Akatafuna. Akameza.

"Kaeni chini, jamani," alisema kwa upole. "Pembe za namna hiyo zimejaa duniani. Leo ni siku ya gwaride la Udugu, msiharibiane siku." Akakata kipande kingine.

Roswitha aliona kitu fulani hakikai sawa hapo, ila hakujua ni kitu gani. Aliinua Pembe akaisogeza usoni, apate kuona vizuri ule weusi wa fedha ya kale, weusi ambao mkusanyaji wa kweli hathubutu kuufuta. Lo! Harufu gani hiyo?

Mayai. Pembe ya Wendelin ilikuwa inanuka mayai ya kuchemsha.

"Niachie sasa, mama," alisema Brandner, akamnyang'anya kwa adabu na kufunga sanduku.

Roswitha alinyakua koti lake. Alipofika mlangoni akatupa jicho nyuma, akamwona Ehrhard anamwita Brandner kwa uma. "Bwana wa Munich, njoo tunywe bia moja. Tuongee."

* * *

Mama Hannelore alikuwa jikoni, mguu mbaya juu ya stuli, mbele yake bakuli la saladi ya mayai. Hakushtuka mlango ulipogongwa ukutani.

"Wamesimama?" aliuliza.

"Mama, umefanya nini?"

"Nijibu mimi kwanza. Walipoiona, nani kasimama na nani kakaa?"

"Mama, wanatuita wezi kule! Umeitoa wapi Pembe?"

"Nimeipika."

Roswitha alidhani hajasikia. Mama yake akaelekeza fimbo kwenye jiko la vigae, lile la kupashia nyumba joto.

"Hapo ndani. Lile jiwe jeusi la fedha la baba yako, la mwisho lililobaki. Ukilichoma polepole, fedha inaota yenyewe kama ndevu. Alinionyesha tulipokuwa wachumba. Wenzake wanawapeleka wasichana dansini, yeye ananikalisha nitazame jiwe linaota ndevu." Alicheka kidogo. "Nimezisokota nyuzi pamoja, nikazipinda kwa mpini wa kijiko. Ila ikatoka nyeupe mno, inang'aa kama meno ya bandia. Nikaifukia kwenye mayai yaliyochemshwa mpaka ikaingia weusi."

"Ndiyo maana wiki nzima tunakula mayai!"

"Ulitaka niyatupe?"

Roswitha alijibwaga kitini. Hakujua acheke au alie, na mikono yake haikutulia, mara kwenye nywele, mara kwenye vifungo vya koti.

"Kwa nini, Mama? Kwa nini ujitie hatiani kwa kitu cha bandia?"

"Kwa sababu ya baba yako." Hannelore alilisukuma bakuli mbali. "Sikiliza, na usinikatize. Mwaka ule wa sabini na nane walikuwa wanapita mabwana wa serikali kutoka Berlin, wamevaa makoti marefu. Wakisikia mahali pana kitu cha kale cha thamani, wanakibeba, kinauzwa magharibi. Ehrhard alipata fununu kwamba wanaijia Pembe. Alikuja hapa hapa jikoni, anatetemeka. Akasema, Arno, iondoe kabatini, wanakuja. Baba yako akachonga mchimbaji wa mti, akamwacha tumbo wazi, akaitia Pembe ndani."

"Akamficha wapi?"

"Alimkabidhi Ehrhard. Mkono kwa mkono, mbele yangu. Tulijua kwa mtunzaji ndiko watakakopekua kwanza, na wakapekua kweli, hata magodoro waliyachana. Wakaapiana, wao wawili, kwamba hakuna kusema mpaka wale mabwana waondoke madarakani."

"Lakini watu waliposema Baba kaiuza..."

"Akanyamaza. Angesema, Ehrhard angefungwa. Na Ehrhard akanyamaza pia. Tofauti yao ni kwamba baba yako kunyamaza kulimla mpaka akafa, mwenzake akawa mwenyekiti."

Roswitha alilikumbuka lile kaburi, theluji imechanganyika na udongo, watu wanne tu wamesimama, na Ehrhard ni mmoja wao, amevaa koti la kawaida, anafuta machozi. Machozi! Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamvuma.

"Ukuta ulipoanguka nilimfuata," Hannelore aliendelea. "Nikamwambia, Ehrhard, hao watu hawapo tena, sema sasa. Akanishika bega. Akasema, Hannelore, huo ni uzee, nenda ukapumzike."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Ungekwenda kumvunjia mlango bila ushahidi wowote. Nakujua. Kwanza nilitaka nijue kama bado anayo. Ndiyo nikatega. Mtu anayeitafuta Pembe akisikia iko mezani, atakimbia kuitazama. Anayejua iko kwake nyumbani, akimbilie nini?" Alimkazia binti yake macho. "Sasa niambie. Nani alikaa?"

Hapo ndipo Roswitha alipotambua ni kitu gani kilichokuwa hakikai sawa kule ukumbini.

"Ehrhard," alisema. "Ukumbi mzima ulisimama, Mama. Yeye alikuwa anakula soseji."

Hannelore alifumba macho. "Basi anayo."

"Na amemwita Brandner mezani kwake."

Macho yakafumbuka. "Mungu wangu. Nimemshtua. Ataiuza leo leo!" Alinyanyuka, mguu ukamsaliti, akakaa tena. "Kimbia! Mchimbaji atakuwa darini kwake. Dirishani hawezi kumweka, ana mabinti watupu."

* * *

Hilo la dirishani ulielewe vizuri, maana ndilo litakalotupeleka. Katika milima ile, ikifika Desemba kila dirisha hupangwa sanamu za mti zilizoshika mishumaa. Kila binti wa nyumba ana malaika wake, kila mwana ana mchimbaji wake. Mpita njia anahesabu watoto wa nyumba bila kupiga hodi. Kuweka mchimbaji na huna mwana, mji utakuuliza maswali usiyoyaweza. Dirisha la Seifert, tangu Roswitha ana akili zake, lilikuwa na malaika watatu: Anke, Birgit na Silke.

Giza la alasiri lilishaanza kushuka. Alipanda mtaa karibu akimbie, theluji ikimwingia viatuni. Wanaume wa Udugu walikuwa wanatoka majumbani na makoti yao meusi ya gwaride na kofia zenye manyoya, wengine wanapiga ngoma kidogo kuzijaribu. Walimwona. Hakuna aliyemsalimu. Mmoja alitema mate kando.

Roswitha hakujali. Kichwani alikuwa anapanga uongo. Atasema nini Gerlinde akifungua? Naomba kupanda darini kwenu? Naazima ngazi? Kila alichokipanga kilikuwa cha kipumbavu kuliko cha kwanza.

Akaifikia nyumba. Akainua macho.

Malaika wa kwanza. Malaika wa pili. Malaika wa tatu.

Na mchimbaji.

Alisimama katikati ya barabara kama aliyegandishwa. Mchimbaji mrefu kuliko malaika, mnene tumboni, ameshika mishumaa miwili inayowaka. Na lile pua! Pua kubwa lililoinama kushoto. Arno Uhlig kila sura aliyoichonga aliipa pua lake mwenyewe, kwa sababu, alivyokuwa akisema, ndilo pua pekee analoweza kulitazama kwenye kioo bila kumwomba mtu ruhusa.

Baba yake alikuwa anamtazama kutoka dirishani kwa Ehrhard Seifert. Roswitha alilia pale pale, kwa sauti. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa koti na kugonga mlango.

"Roswitha!" Gerlinde, mkewe Ehrhard, alifungua akiwa na kichanga begani na unga wa keki mpaka kwenye nyusi. "Umesikia, eeh? Ingia, ingia, baridi! Njoo umwone mchimbaji wetu!"

"Mchimbaji?"

"Huyu hapa! Silke kajifungua mvulana! Kampa jina Veit. Ametoka hospitali jana, sasa hivi kalala juu, hoi. Wasichana watatu nimezaa, Roswitha, watatu, kila Krismasi namtazama jirani na wachimbaji wake wanne natamani kumrushia kiatu. Leo na mimi ninaye!"

"Hongera, Mama Gerlinde. Na yule wa dirishani, mmemnunua wapi?"

"Sikumnunua!" Gerlinde alishusha sauti kwa furaha. "Nimepanda darini asubuhi kutafuta mapambo ya mti. Nikamkuta nyuma ya bomba la moshi, kavikwa soksi ya kijani ya Ehrhard, hii hapa, si unaijua, naifuma mwenyewe. Nikasema hee! Mume wangu kamwandalia mjukuu kabla hajazaliwa, hajanipa hata fununu! Nikasema ngoja, na mimi nimshangaze. Katoka tangu asubuhi, hajamwona bado. Atafurahi mpaka basi."

Msomaji, wewe na mimi tunajua Ehrhard atafurahi kiasi gani.

Roswitha alilisogelea dirisha. Akaizima mishumaa kwa pumzi moja, akamwinua mchimbaji. Alikuwa mzito.

"Unamzima wa nini?" Gerlinde alishangaa.

Mlango wa mbele ulifunguliwa kwa kishindo. Ehrhard aliingia anahema, theluji mabegani, na nyuma yake Brandner na sanduku lake kwapani. Hapana shaka alikuwa ameliona dirisha kutoka barabarani, maana hata viatu hakupangusa.

"Mweke chini," alisema.

"Hongera ya mjukuu, Baba Ehrhard."

"Mweke chini, mwanangu. Na usimtikise!"

Gerlinde alimgeukia mumewe. "Kwa nini asitikiswe?"

Roswitha akamtikisa mchimbaji, na ndani ya tumbo la mti kitu kikagonga. Gerlinde aliacha kumbembeleza mtoto.

Kitako cha mchimbaji kilikuwa cha kuzungusha. Visanduku vyote vya Arno hufungika kinyume, kwa sababu alikuwa wa mkono wa kushoto, na Roswitha alikuwa akivichezea tangu hajajua kusoma. Alikizungusha upande usiotarajiwa. Kikalia, kikafunguka.

Kilichotoka kilikuwa kimefungwa kitambaa cha mirabamiraba myekundu. Alikitambua. Lilikuwa gauni lake la utotoni, lile alilolililia siku lilipokatwa vipande. Ndani yake, nyeusi tii, nzito, na chembe za jiwe jeupe bado zimeng'ang'ania kwenye shina lake, ilikuwapo Pembe ya Wendelin. Ile ya mama yake ilikuwa mchezo wa watoto mbele ya hii. Na hii haikunuka chochote.

Brandner alipiga mluzi mdogo.

"Ehrhard," alisema Gerlinde. "Hiyo ni nini?"

"Nilitaka kuirudisha," alisema Ehrhard. Alikuwa anamtazama Roswitha, si mkewe. "Haki ya Mungu nilitaka. Ukuta ulipoanguka nikasema kesho. Kesho yake nikawaza, wataniuliza kwa nini ulimwacha Arno azikwe vile. Ukishachelewa siku moja, Roswitha, ya pili ni ngumu zaidi. Hujui wewe."

"Najua ya kwetu. Tulikuwa watu wanne kaburini."

"Na mimi nilikuwapo!"

"Ulikuwapo na koti la kawaida!" Sauti ilimpasuka. "Na huyu bwana umemleta kufanya nini? Kumwona mtoto?"

Brandner alirudi nyuma hatua moja. "Mimi nimealikwa kutazama kitu cha familia. Ugomvi simo."

Ndipo ngoma zikalia nje.

Gwaride lilikuwa linapanda mtaa, mienge inawaka, tarumbeta zinapiga, na huko Wendelsgrün kuna desturi: dirisha likipata mchimbaji mpya, Udugu husimama chini yake kumsalimu. Tangu asubuhi mji ulikuwa umemwona mchimbaji wa Seifert. Ngoma zikanyamaza chini ya nyumba. Sauti za wanaume zikapaa kwa pamoja na ile salamu yao ya kale ya kutakiana heri.

"Glück auf, mchimbaji mdogo! Glück auf, Mwenyekiti!"

"Wanakusubiri," Roswitha alimwambia Ehrhard. Pembe aliishika kwa mikono miwili. "Sema wewe, au niseme mimi."

Ehrhard alijipangusa theluji mabegani. Akaivaa kofia yake yenye manyoya. Akalikaza koti vifungo, kimoja kimoja, akaenda dirishani na kulifungua. Baridi ikaingia, na mtoto akaanza kulia.

"Ndugu zangu!" aliita. "Leo ni siku kubwa! Pembe ya Wendelin imepatikana!"

Kishindo kilichotoka barabarani kiliyatikisa madirisha. Kofia zilirushwa juu. Roswitha alishindwa kujizuia, machozi yakambubujika. Baada ya miaka yote hiyo, mzee huyu amepata moyo! Alikuwa tayari kumsamehe, kweli tena, palepale. Alisogea dirishani na Pembe mikononi ili watu waione.

Ehrhard alingoja mpaka wote wamemwona. Kisha akainua kidole.

"Imepatikana mikononi mwa binti ya Arno Uhlig! Ameileta humu sasa hivi, aje aiuze kwa mchuuzi huyu, nami nimewafumania!"

Roswitha alimgeukia, Pembe ingali mikononi.

"Si nilisema?" Fritzsche alipiga kelele kutoka chini. "Si mliiona wenyewe ukumbini? Ilitoka kwao! Mchuuzi kasema, mlango wa manjano!"

"Ndiyo! Tumeiona!"

"Mtoto wa mwizi!"

Na Brandner, ambaye ndani ya sanduku lake kwapani kulikuwa na pembe ya mayai ambayo ingemaliza ubishi wote, alilibana sanduku lile zaidi. "Mimi nilidanganywa," aliwaambia watu kutoka dirishani, akiweka mkono kifuani. "Niliambiwa ni mali halali."

"Mwongo! Fungua sanduku lako!" Roswitha alimrukia, lakini Ehrhard akamzuia kwa bega, na kule chini wakaona tu mwanamke anapigana na mwenyekiti wao. Wanaume wawili wakaanza kupanda ngazi za mlangoni.

"Pisheni!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, na fimbo yake ilikuwa inagonga viatu vya watu. Mama Hannelore alikuja katikati ya gwaride, hana kofia wala glavu, anavuta mguu. Jinsi alivyoweza kupanda mtaa ule, Mungu mwenyewe ndiye ajuaye. Alifika chini ya dirisha, akasimama, akahema.

"Sikuja kusema na wewe, Ehrhard," alisema. "Gerlinde! Gerlinde Seifert! Huyo mchimbaji wa mjukuu wako, Ehrhard asingethubutu kumweka dirishani, ni wewe uliyemweka. Ulimtoa wapi?"

Wale wawili ngazini wakasimama.

Watu wote walimtazama Gerlinde. Alikuwa amesimama nyuma ya malaika wake watatu, unga bado nyusini, mtoto analia kifuani pake. Furaha yote ya asubuhi ilikuwa imemtoka usoni.

"Gerlinde," Ehrhard alimnong'oneza. "Waambie umemnunua sokoni. Neno moja tu. Mfikirie mtoto. Atakua katika mji huu huu, na jina hili hili."

"Namfikiria," alisema Gerlinde.

Alimgeukia Roswitha, akamwekea kichanga mikononi, juu ya Pembe na kitambaa chekundu, kwa sababu alihitaji mikono yote miwili. Kisha akamchukua mchimbaji mwenye pua la Arno kwa mkono mmoja, akaiokota ile soksi ya kijani kwa mwingine, soksi ambayo mji mzima unajua nani anaifuma na nani anaivaa, akamsukuma mumewe kando na kuinama nje ya dirisha.